Kabla hujanunua boti ya kuishi Uingereza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyewashauri vijana wetu walioko Uingereza waachane na vyumba vya kupanga, wanunue boti za mifereji na kuishi humo bila kulipa kodi kwa mwenye nyumba. Nia yake ni njema, na anayejua kodi za London hawezi kumlaumu. Lakini mimi naishi kwenye boti ya aina hiyo, pamoja na mume wangu na binti yetu, katika mfereji wa Grand Union, njia ya maji iliyochimbwa kati ya London na Birmingham. Naomba nafasi nieleze jambo ambalo barua ile haikuligusa kabisa: boti isiyo na maegesho yake, yaani mahali pake pa kudumu pa kufungwa, lazima ihame, na ihame kweli, mwaka mzima, masika na baridi. Anayelipa fedha zake bila kulijua hilo atakuja kulijua kwa uchungu.

Kwa wasiowahi kuziona, boti hizi ni ndefu na nyembamba mno, na wembamba huo una chanzo chake. Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji wa Bridgewater, uliojengwa chini ya usimamizi wa fundi James Brindley ili kupeleka makaa ya mawe kutoka migodi ya Worsley hadi Manchester. Baadaye Brindley alipochora mifereji ya katikati ya nchi, aliamua kwamba loki, yaani vile vyumba vya maji vyenye milango vinavyopandisha na kushusha vyombo, ziwe na upana wa mita 2.1 tu. Loki nyembamba inakula maji kidogo na haigharimu sana kuichimba. Uamuzi wa fundi yule ndio unaopanga sebule yangu leo: upana wa boti yetu kwa nje ni kama mita mbili, na ukitoa unene wa kuta ndani inabaki chini ya hapo. Tunalala tezini, yaani nyuma, jiko na sebule viko omoni, yaani mbele, choo na bafu katikati. Wawili wakikutana njiani, mmoja anageuka ubavu.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Sehemu kubwa ya mifereji ya England na Wales, karibu kilomita 3,200, inasimamiwa na Canal & River Trust, shirika la hisani lililoipokea mwaka 2012 kutoka kwenye chombo cha serikali. Bila leseni yao huruhusiwi kukaa majini. Ili upate leseni unatakiwa uwe na bima, cheti cha usalama wa boti kinachokaguliwa upya kila baada ya miaka 4, na kimoja kati ya mambo mawili: ama una maegesho ya kudumu ya boti yako, ama unakubali kusafiri. Sheria ya Bunge ya mwaka 1995 inasema asiye na maegesho atumie chombo chake kwa safari ya kweli kwa muda wote wa leseni, na asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa hali yenyewe inamlazimu kukaa zaidi. Ugonjwa, injini iliyokufa, barafu, loki iliyofungwa kwa matengenezo, hizo ni sababu zinazosikilizwa ukitoa taarifa mapema. Kazi yako iko wapi au mtoto anasoma wapi, hizo peke yake hazisikilizwi.

Sheria haikutaja umbali. Shirika lenyewe ndilo linalosema kwamba linategemea mwendo wako kwa mwaka uenee angalau maili 20, kama kilomita 32, na kwamba kwenda na kurudi kati ya madaraja mawili si safari. Watumishi wao hupita ukingoni wakiandika namba za boti. Wasiporidhika na mwendo wako wanaweza kukupa leseni ya miezi 6 badala ya mwaka, wakikuangalia. Ukiendelea hivyo unaweza kunyimwa leseni kabisa, na boti isiyo na leseni inaweza kuondolewa majini, hata kama ndiyo nyumba yako, baada ya kufikishana mahakamani. Jambo hili ningependa kila kijana alisome mara mbili.

Wengine watasema basi nitatafuta maegesho. Sawa, yapo. Lakini maegesho unayoruhusiwa kuishi kihalali ni machache, na yale ya London na jirani zake yana bei ambayo, ukiijumlisha na leseni, makaa, gesi na matengenezo, inaanza kufanana na kodi uliyoikimbia. Mengi zaidi ni ya kuegesha tu, huna ruhusa ya kuyafanya makazi.

Sisi hatuna maegesho. Tunahama. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, na mara kwa mara natoka kazini asubuhi nikiwa najua boti haiko pale nilipoiacha jana. Mume wangu ameisogeza, kanitumia namba ya daraja. Karibu madaraja yote ya mfereji yana namba yake kwenye kibao, na namba hiyo ndiyo anwani yetu ya wiki hiyo. Bahati yetu ni kwamba reli ya kutoka London kwenda Birmingham imefuatana na Grand Union kwa mwendo mrefu: Hemel Hempstead, Berkhamsted, Tring, Leighton Buzzard, Wolverton. Wakati wa muhula tunapanga vituo kwa kuangalia ramani ya mfereji upande huu na ratiba ya treni upande wa pili, ili binti afike shule kabla ya kengele. Kuna wiki anatembea dakika kumi, na kuna wiki tunaamka gizani. Likizo ikifika tunapanda kaskazini, tunapita handaki la Blisworth, tunafika Braunston mahali mfereji wetu unapokutana na ule wa Oxford. Hapo ndipo anapofurahi kuliko popote, na mimi pia.

Mambo ya anwani nayo yana mzunguko wake. Benki inataka bili ya umeme, wewe huna. Tunatumia anwani ya ndugu wa mume wangu kwa barua. Kwa daktari, niwatoe watu hofu kwa sababu naijua sekta yenyewe: kliniki haitakiwi kukukataa kwa sababu tu huna uthibitisho wa anwani. Mpokezi akikataa, omba kwa heshima kuongea na meneja wa kliniki.

Halafu kuna kazi yenyewe ya kusafiri. Mwendo wa juu ni maili 4 kwa saa, karibu sawa na mtu anayetembea kwa haraka, na ukipita boti zilizofungwa ukingoni unapunguza hata huo, kwa sababu wimbi lako linang'oa vigingi vya wenzako na kumwaga chai zao. Kati ya Brentford, magharibi mwa London, na Birmingham Grand Union ina loki 166. Watu huziona za kuvutia kwenye picha, na zinavutia kweli, lakini nieleze moja tu kwa ukaribu.

Tuseme tunashuka. Loki imejaa, tunaingia, mume wangu anafunga milango ya nyuma kwa kuisukuma kwa mgongo kupitia boriti ndefu ya mti. Kisha anakwenda milango ya mbele na hendeli yake ya chuma, anazungusha gurudumu la meno, vilango vidogo vya chini vinainuka, na maji yanaanza kutoka. Mimi niko kwenye usukani. Nyuma yangu, chini ya milango ya juu, kuna kizingiti cha mawe ambacho sasa kimefunikwa na maji na siwezi kukiona. Ukutani umechorwa mstari mweupe kuonyesha kizingiti kinaishia wapi. Kazi yangu kwa dakika zile ni moja: tezi ya boti ibaki mbele ya mstari. Nikijisahau, nikaitazama simu, boti ikarudi nyuma kidogo tu, maji yakishuka tezi itakaa juu ya jiwe na omo itaendelea kwenda chini. Vyombo vimezama namna hiyo, na vinazama upesi sana. Kwa hiyo tuna desturi nyumbani kwetu: loki ikifanya kazi hakuna mazungumzo. Binti yetu anasimama nchi kavu, mahali naweza kumwona, na akipaza sauti baba yake anashusha vilango kwanza, ndipo anauliza kuna nini. Anajua kazi hiyo ni yake na anaichukulia kwa uzito wote.

Kila loki moja ya Grand Union ikishushwa inapeleka bondeni karibu lita laki mbili za maji, na maji hayo hayarudi juu yenyewe. Kilele cha Tring, sehemu ambayo mfereji umepanda juu, kinalishwa na mabwawa yaliyochimbwa makusudi, na boti inayovuka kilele inachota pande zote mbili, kupanda na kushuka. Ndiyo maana boti mbili zikiwa njiani tunasubiriana ili tuingie loki moja ubavu kwa ubavu, kwani loki za mfereji wetu ni pana kuliko zile za Brindley, zinapokea boti mbili. Kiangazi cha mwaka 2025 kilikuwa kikavu, mabwawa yakapungua, na mifereji mingi ya katikati na kaskazini ikafungwa loki zake. Anayehama kwa sheria akajikuta amezuiwa kuhama kwa ukosefu wa maji. Shirika liliwaelewa watu, lakini mtu aliyekuwa amepanga kazi yake mji wa mbele alibaki pale pale akihesabu nauli.

Baridi sitaieleza kwa urefu. Jiko la makaa linawaka usiku na mchana kuanzia Oktoba mpaka Aprili, majivu yanatolewa kila asubuhi, na unyevu wa pumzi zenu unageuka matone kwenye fremu za madirisha. Kuna boti za mizigo zinazopita zikiuza makaa, mitungi ya gesi na dizeli, na wenye boti hizo ni watu wa kuombewa dua. Tangi la maji linajazwa kwenye bomba la ukingoni, kwa hiyo mtu mzima anajifunza kuoga kwa dakika mbili. Choo chetu ni cha kaseti. Kaseti ikijaa unaibeba mpaka kituo cha kumwagia. Sola inatosha kiangazi. Desemba unawasha injini ili betri zipate chaji. Ila jambo moja naomba lisipitwe haraka: moshi wa jiko na injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inayomuua mtu usingizini. Tangu mwaka 2019 kengele ya gesi hiyo ni ya lazima kwenye boti. Usinunue moja tu. Weka moja karibu na jiko na nyingine unapolala, na zijaribu kila wiki. Nimehudumia watu walioletwa hospitali kwa gesi hiyo, na ninaandika haya nikiwakumbuka.

Sasa chuma. Mwaka jana kijana mmoja wa kwetu alinipigia simu akiwa na furaha tele. "Dada, nimeshalipa," akaniambia. Boti ilikuwa na jiko jipya, sakafu ya mbao, taa nzuri, na muuzaji alimpigia picha kila kona. Nikamuuliza nani ameikagua chini ya maji. Kimya. Boti ni ya zamani, na kampuni ya bima ikataka ripoti ya mkaguzi kabla ya kumpa bima kamili. Ikapandishwa gudini, mahali pa kukagulia na kutengenezea vyombo. Nilikwenda naye. Mkaguzi alikwangua rangi sehemu baada ya sehemu, akaweka kifaa kinachopima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, na kuandika kila namba kwa chaki pale pale kwenye ubavu. Boti nyingi zilizoundwa siku hizi huanza na chuma cha milimita 10 chini na milimita 6 ubavuni. Namba za mwanzo zilikuwa tano na kitu, na kijana akawa anatabasamu. Tulipofika kwenye mstari wa maji, namba zikaanza kushuka: nne, tatu na nusu, tatu. Kampuni nyingi za bima hazipendi kuona chini ya 4. Karibu na tezi palikuwa na mashimo madogo ya kutu unayoweza kuyahisi kwa ncha ya kidole. Ilibidi zichomelewe bamba mpya juu ya zile za zamani, na gharama yake ilimeza akiba aliyoiweka kwa miaka. Muuzaji hakupokea simu tena.

Mkaguzi wa chuma anagharimu mamia ya pauni pamoja na kupandisha boti. Bado ni fedha bora kuliko zote utakazotumia. Na baada ya hapo, kila baada ya miaka miwili au mitatu chombo kinapandishwa, kinakwanguliwa na kupakwa lami upya, na vile vipande vya magnesiamu vinavyoliwa na kutu badala ya boti vinabadilishwa. Wazee wetu wa pwani walipandisha vyombo vyao mchangani kuvipaka deheni na shahamu. Ni uangalizi ule ule, na asiyeutaka asinunue chombo.

Kuna jambo jingine linaloniumiza, na hili nalisema kama mlipaji. Leseni ya boti ya kawaida kama yetu imeshapita pauni 1,000 kwa mwaka. Tangu Aprili 2024 sisi tusio na maegesho tunalipa nyongeza juu ya leseni, na nyongeza hiyo imepangwa kupanda kila mwaka mpaka ifike asilimia 25 mwaka 2028. Shirika lina shida ya kweli, silikatai hilo. Serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba ruzuku yake itapungua kwa miaka kumi kuanzia 2027, na mifereji ina zaidi ya miaka mia mbili. Tuliona mwaka 2019 bwawa la Toddbrook lilipoharibika na watu wa mji wa Whaley Bridge kuhamishwa majumbani mwao. Fedha zinahitajika. Lakini kuwatoza zaidi wasio na mahali pa kukaa ni kuanzia kwa wenye uwezo mdogo. Wengi wa majirani zangu ni wahudumu wa wazee, mafundi, walimu wasaidizi, wastaafu wenye pensheni ndogo. Tena kwa kuwa tunapita kila mahali, sisi ndio tunaoona mapema ukingo unaovuja, mti ulioangukia njia, mlango wa loki uliopasuka, na tunapiga simu. Ningetamani hilo lihesabiwe.

Msomaji mwenzangu pia aliandika kana kwamba maisha haya ni ya muda, ya mtu anayesubiri kupata nyumba ya kweli. Hapo ndipo tunapotofautiana zaidi. Zamani familia nzima ziliishi kwenye boti za mizigo zikivutwa na farasi, baba, mama na watoto katika kichumba cha urefu wa mita tatu, shehena ya makaa ikichukua sehemu yote iliyobaki. Mama aliongoza boti akiwa amembeba mtoto. Handaki la Blisworth, karibu kilomita 2.8, halina njia ya farasi. Wanaume walilala chali juu ya mbao na kuitembeza boti kwa miguu ukutani, gizani, mpaka upande wa pili. Watoto wao wengi hawakusoma kwa sababu hawakukaa mahali pamoja, na mwaka 1877 Bunge likatunga sheria ya kuandikisha boti kama makazi na kuwaangalia watoto hao. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili wanawake vijana walifunzwa kazi hiyo, wakabeba shehena kati ya London na Birmingham kwenye mfereji huu huu. Nikipita handakini na taa yangu ya umeme nawafikiria hao. Binti yangu anasoma, anaogelea, anajua kufunga fundo lisiloteleza na anawatambua ndege wa majini kwa sauti. Haishi kwa kusubiri nyumba nyingine.

Kwa hiyo sisemi vijana wasije. Waje, tutawapokea, na kwenye mfereji hujawahi kukwama bila mtu kukurushia kamba. Ila kwanza wamtafute mwenye boti wakae naye wiki moja mwezi wa Januari. Na wakiwa mbele ya muuzaji waulize unene wa chuma ulipimwa lini na nani, wapewe ripoti mkononi. Cheti cha usalama kinaisha lini. Na kama kuna maegesho, je, yanakwenda na boti? Muuzaji akisema yanakwenda, asiaminiwe kwa mdomo. Maegesho mengi ni mkataba wa mtu na mwenye eneo, na boti ikibadilisha mikono mkataba unakufa. Barua itoke kwa mwenye eneo mwenyewe, imtaje mnunuzi kwa jina, iseme wazi kama anaruhusiwa kuishi hapo, na iwe mkononi kabla pauni ya kwanza haijatoka benki.

Wako,
Mkazi wa botini,
Mfereji wa Grand Union, Uingereza